Orodha ya Tarehe Kumi na Nne

Mvua za Elinino zilikuwa zimekula barabara, mpunga umeozea majini, na wakubwa walipokaa wakaona kinachokosekana Ifakara ni semina. Wakaja mahakimu na mawakili wapatao arobaini, na jaji mmoja wa kuwaongoza, wakajazana kwenye ukumbi wa kukodi pale Lipangalala wajifunze kupekua ushahidi uliomo ndani ya kompyuta. Bonde zima kompyuta zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vikabaki.

Kassian alikuwa nyuma ya ukumbi, anapika. Kupikia shughuli ilikuwa kazi ya marehemu mkewe, Levina. Hapakuwa na harusi wala kipaimara asichoitwa. Tangu lori la mbao limkanyage njia ya Sanje, mwaka na nusu sasa, mgane alirithi masufuria.

Siku ile Kassian alikuwa nyuma yake, kila mtu na baiskeli yake. Aliliona lori likihama upande wake, likamfuata mama wa watu mpaka kwenye majani. Hakuwapo mwingine aliyeona. Kesi ya dereva ikawa na shahidi mmoja tu wa macho, naye ni Kassian. Samansi ilisema tarehe kumi na nne. Akafika tarehe kumi na nne, amenyoa, kavaa shati la kanisani. Akaambiwa kesi ilitajwa tarehe saba, shahidi hakutokea, imefutwa. "Hebu hiyo samansi," karani akasema, akaingia nayo ndani, na mpaka leo. Dereva akarudi kwenye usukani, na tajiri wake hakukosa usingizi hata siku moja.

Saa nne Kassian akaingiza chai. Mbele alisimama wakili kutoka Dar, dada mmoja aitwaye Gladness, na mashine yake ikimulika maandishi ukutani.

"Watu wanadhani ukifuta, kimekwisha," alikuwa anasema. "Kompyuta haifuti, waheshimiwa. Inafuta jina tu. Kitu chenyewe kinabaki mle mle. Kilichofutwa kinarudi."

Birika likamwelemea Kassian mkononi. Neno lilikuwa lile lile walilomwambia yeye. Imefutwa. Akapita katikati ya viti mpaka mbele.

"Shikamoo, baba," Gladness akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Na kesi je? Ikifutwa, inarudi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hakimu Theodori, ndiye aliyeifuta kesi yenyewe, alicheka kuliko wote. "Mzee Kassian! Kesi inafutwa kwa kalamu, si kwa kompyuta. Rudi kwenye wali wako, usije ukafutika na wewe."

"Kalamu ni yako, mheshimiwa. Mimi nauliza mwenye mashine."

Wakacheka tena, ila kidogo. Gladness akafurahi kupata mfano wa hapo hapo. Asubuhi Rosemery, mpiga chapa wa mahakama ya Theodori, alikuwa amemwazima disketi ya orodha za kesi ili watu wajifunzie. Akaichomeka. Akauliza kesi ni ya mwaka gani, mwezi gani. Theodori alikuwa ameacha kucheka.

Mashine ikakoroma. Majina ya orodha zilizofutwa yakajipanga ukutani, kila moja limeliwa herufi ya kwanza. Gladness akafungua moja. Kassian alikomea darasa la pili, lakini tarakimu anazijua: 14. Na chini yake lilikuwapo neno alilolichonga mwenyewe kwenye msalaba wa kaburi. Levina.

"Na hii ndiyo iliyobaki, ya tarehe saba, kesi ile ile imo," Gladness akasema, na sauti imeanza kupungua. "Mashine inaonyesha iliandikwa tarehe tisa. Siku mbili baada ya... baada ya kesi kutajwa."

Theodori akasimama. "Mheshimiwa Jaji, hoja ya kisheria. Maandishi ya kompyuta sheria yetu haijayapokea. Hayana muhuri, hayana sahihi."

Jaji akavua miwani, akaifuta. "Hoja ni sahihi. Tutaijadili kesho saa tatu, ipo kwenye ratiba. Kwa leo, kisheria, hatujaona kitu."

Kassian akaweka birika chini.

"Haya, mashine ikataeni. Ila nyie wenyewe ndio mnaosema ya kusikia hayapokelewi, ushahidi ni wa macho. Mna macho. Namwomba mmoja tu aliyeona kumi na nne hapo ukutani anyooshe mkono, aniandikie kwamba ameona, nikaombe kesi ifunguliwe. Mmoja."

Gladness peke yake akanyoosha mkono.

"Wakili," Jaji akasema polepole, "wewe ni mtoa mada. Na tunapenda tukualike tena."

Mkono ukabaki juu kidogo, halafu ukashuka, ukakuna shingo.

Kassian akapita viti kwa viti, kama alivyopita na chai.

"Wewe kijana, uliona?"

"Mzee, mimi nilikuwa naandika."

"Na wewe, baba?"

"Miwani nimeisahau Mahenge."

"Mimi malaria, mzee wangu," akasema wa tatu kabla hajaulizwa, na nyuma mtu akacheka. Kassian akafika kwa Rosemery, aliyekuwa anatazama viatu vyake.

"Mwanangu, uliyeandika ni wewe."

"Mimi mpiga chapa tu, baba. Naambiwa andika, naandika."

"Nani alikwambia?"

Rosemery akamtazama Theodori.

"Inatosha," Jaji akasema. "Wakili, iondoe hiyo. Na kama kuna namna ya kufuta kikafutika kweli, tuonyeshe. Nalo ni somo."

"Ipo, mheshimiwa." Gladness alisema kwa taabu. "Unaandika kitu kingine juu yake. Ukishaandika juu yake, hakirudi."

"Basi andika."

"Niandike nini?"

"Chochote. Weka orodha ya waliohudhuria."

Akaiweka. Akairudia, na kuirudia, mpaka disketi ikajaa pomoni. Kassian alisimama pale pale akitazama ukutani. Majina ya watu arobaini yalipanda moja baada ya jingine, kila moja na cheo chake mbele, Mheshimiwa fulani, Mheshimiwa fulani, yakajipanga mahali alipokuwa Levina.

"Imekwisha," Gladness akasema, bila kumtazama.

Washiriki wakainama, wakaandika kwenye madaftari yao namna inavyofanywa.