Tembo Akaa Benchi

Seremala aliyeitwa Rula, kwa kuwa hakukata ubao bila kuupima mara tatu, alikuwa na timu ya besiboli ndani ya kompyuta. Kila jioni alifuta vumbi la mbao mikononi, akakaa mezani na kupanga kikosi chake mwenyewe: nani apige wa kwanza, nani wa pili, nani arushe mpira. Mchezo ule ulikuwa na kitufe cha kuiachia kompyuta ipange. Rula hakukigusa hata siku moja.

"Timu ni yangu," alisema. "Nikae nitazame mashine ikiniozeshea binti?"

Kipenzi chake alikuwa mpigaji mmoja mkongwe aliyempa jina Tembo. Mvua inyeshe, jua liwake, Tembo alicheza.

Basi fainali ikawadia, michezo mitano dhidi ya shemeji yake, mwalimu wa hesabu, aliyemfunga misimu miwili mfululizo. Wiki hiyohiyo Rula akapasuliwa jicho. Daktari akayafunga macho yote mawili bandeji na kumwambia asitazame chochote kwa siku saba.

"Nitakusomea," mkewe akamwambia. "Ila mimi kupanga sijui. Nabonyeza kile kitufe."

"Usithubutu!"

"Mgonjwa haulizwi uji." Akabonyeza.

Rula akasikiliza majina yakisomwa, moja baada ya jingine, hadi la tisa.

"Na Tembo?"

"Yuko benchi."

Kidogo azivue bandeji. Mchezo ule wakashinda bila Tembo, naye Rula akanuna kama aliyefiwa. Wa pili wakashindwa, akafurahi waziwazi, mkewe akamcheka. Wa tatu ukafika kipindi cha nane wakiwa nyuma kwa pointi mbili, wachezaji wao wawili wakingoja kwenye vituo vya njiani. Mrushaji wa shemeji, wa mkono wa kushoto, alikuwa amechoka.

"Ngoja," mkewe akasema. "Inabadilisha mtu. Inamwingiza Tembo."

Rula akashika ukingo wa meza.

"Kapiga! Mpira umevuka ukuta! Wote watatu wanarudi nyumbani, pointi tatu!"

Alipotulia, Rula akamwomba atafute penye habari za Tembo, asome kila kitu. Mkewe akasoma: miguu imechoka, apumzishwe, ni hatari kwa warushaji wa mkono wa kushoto, ni dhaifu kwa wa kulia. Ukurasa ule ulikuwepo miaka yote. Rula hakuwahi kuufungua.

"Kumbe nilikuwa namuua kwa kumpenda," akasema polepole. "Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hii haina hata unywele mmoja, na tazama ilivyoona!"

Wakachukua ubingwa katika mchezo wa tano. Simu ikalia papo hapo.

"Shemeji, hongera! Nani kakufundisha kupanga kikosi?"

Rula angeweza kujisifu. Akasema ukweli. "Sikupanga mimi. Ilipanga kompyuta."

Kicheko kikalipuka upande wa pili. "Mimi naiachia tangu mwaka juzi! Ulidhani nakufunga kwa hesabu zangu?"

Bandeji zilipotolewa, Rula aliketi mbele ya kioo cha kompyuta na kuukagua ule mpango jina kwa jina, kama anavyokagua kiungo cha mlango uliotengenezwa na fundi mwingine, akitafuta mahali pa kupenyeza ukucha. Hakupaona. Akatikisa kichwa, akitabasamu.

Mkewe akatoka jikoni akifuta mikono, akavuta kiti bila kualikwa.

"Sogea," akasema. "Leo tunacheza na nani?"

Rula akasogea.