Tumbo la Mbuzi wa Khaemba

...na mkono wa mzee Gachanja bado uko pale pale chini ya tumbo la mbuzi, unabonyeza, unaachia, unabonyeza tena, naye Khaemba anachekacheka tu, si aangalie meno, si aangalie kwato, aangalie chochote jamani ila tumbo... alfajiri alimlambisha chumvi viganja viwili, kisha akamnywesha karibu ndoo nzima ya maji, kwao Bungoma ndivyo wanavyofanya siku ya soko, mbuzi akivimba na bei inavimba, nani angemwambia kwamba hapa Kawangware atakutana na mnunuzi anayetaka tumbo bapa... “Hii iko na mimba,” Gachanja anasema, “mimi natafuta harika, ile haijawahi kupandwa, ni ya ruracio, ya mahari, sasa niwapelekee watu wa msichana mama ya watoto?” “Hapana mzee, hiyo ni shiba tu.” “Shiba gani na hii kiangazi?” Na kweli, shiba gani, mwaka huu wa themanini na nne hata majani ya kando ya mtaro yameisha, Wamaasai wamejaza soko mbuzi wenye mbavu nje, mbuzi mzima anakwenda kwa bei ya kuku wawili, ndiyo maana aliposikia mzee akiulizia harika alimshukuru Mungu, wake ni harika kweli, na harika hashuki bei, mvua inyeshe isinyeshe watu wanaoa... aseme ni maji? akisema ni maji yeye ni mwizi, akinyamaza mbuzi ana mimba, na basi la Bungoma linaondoka jioni hii, na nauli ndiyo hii imesimama kwa miguu minne, na telegramu ya ndugu yake Wepukhulu kutoka nyumbani iko mfukoni, MAMA MGONJWA SANA NJOO UPESI, ningoje mama, leo tu, kesho asubuhi nimefika... wachuuzi nao wameshamsoma, mtu anayetazama jua kila saa hupewa bei ya ngozi... “Nyinyi watu mnaficha,” Gachanja anasema, wala hana hasira, “hamwezi kusema kitu vile iko.” Mnaficha... ndiyo, tunaficha, baba alipofariki si ni yeye Khaemba aliyekuwa nyumbani likizo, akasimama posta akamwandikia Wepukhulu kule Mombasa BABA MGONJWA SANA NJOO UPESI, na baba ameshaoshwa, jeneza linapigwa misumari, kwa sababu huwezi kumpa mtu kifo peke yake njiani, unamwacha asafiri na nguvu zake... maneno yale yale, hata neno moja Wepukhulu hakubadilisha, na yeye Khaemba amekaa nayo mfukoni siku mbili asiyaone... mama, kumbe nilikuwa nakukimbilia bure... “Sema basi, ni mimba ama si mimba?” Mkono unabonyeza, maji yanacheza ndani, mbuzi anatafuna hewa, na Khaemba anatazama mkono ule, jua halitazami tena, hana mtu wa kumuwahi.