Uji wa Kultum

…na mimi ndiye niliyemwambia, si mwingine, nilisimama hapa hapa mbele ya kibanda chake na reki mkononi, akina mama wenzangu wa kanisa nyuma yangu, nikamwambia Kultum, vikombe vyako vya karatasi vimeziba mtaro, maji yameingia kwa Susana kule chini mpaka godoro likalowa, fanya kitu, na mimi nilidhani atanijibu vibaya, akasema sawa mama, na leo ndio hii sasa, amepiga misumari ukutani, kila mteja na kikombe chake cha bati, kila kikombe na jina, ameshika kimoja kipya na ile kalamu nene ya kuandikia magunia, ananiuliza, "Mama Mogire, niandike jina gani?"… jina gani, jameni, mimi mke wa mzee wa kanisa, jina langu lining'inie hapa mji wote wa Suna ukiliona, na kahawa ndani yake… kwetu Wasabato kahawa hainywewi, hata mtoto anajua, na mume wangu Ombati ndiye huwafundisha wanaotaka kubatizwa, pombe, sigara, kahawa, anazitaja kwa mpigo mmoja, nami niko kiti cha mbele naitikia amina huku kichwa kinanigonga, maana Sabato ndiyo siku pekee nisiyopata kahawa… kile cha karatasi kilikuwa na kifuniko, raha yake ilikuwa hapo, unapita nacho sokoni mchana kweupe, ukiulizwa unasema ni uji, "Uji wa Kultum siku hizi unanukia tangawizi," Eucabeth wa kwaya aliniambia wiki jana, nikasema eeh, wameuboresha, na Eucabeth ndiye huyo nyuma yangu kwenye foleni, amekuja kununua mandazi, nasikia anavyohema, "Mama Mogire, mbona unakawia huko mbele?"… nakawia kwa sababu nakufa, dada, ngoja kidogo… Kultum ananiinamia, sauti chini, "Nimebakisha vichache vya karatasi hapa chini ya meza. Nikupe?"… amejua siku zote, Mwislamu wa watu, hajawahi kunitaja kwa mtu, ananifichia mimi Msabato, sema ndiyo Edinah, kimoja tu, kesho utajua utakavyofanya… lakini hicho kimoja nikimaliza kitaenda wapi, kitaenda pale pale mtaroni nyuma ya mabanda ninapovitupa kila asubuhi, haraka haraka, kabla mtu hajasogea akanusa, wengine wanatembea mpaka pipani na kikombe kitupu mkononi, mimi sithubutu… na nina tabia ya kutafuna ukingo, tangu utotoni, siku ile reki ilikuwa inavuta tope na vikombe, na nusu ya vikombe ukingo umetafunwa, nikayatambua meno yangu, Dorine mwenzetu wa kanisa akasema ala, humu kuna panya wakubwa, akacheka, nami nikacheka naye, huku Susana ameegemeza godoro ukutani likitoa maji, kisha akaja kunishukuru, mimi hasa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, asante mama, wewe unatufikiria sisi wa huku chini… nilitamani ardhi inimeze, bado natamani, mwanamke ana pumu na amelala kwenye magunia kwa sababu mimi najificha, na namficha nani, si Mungu, Mungu amekuwa kwenye foleni hii nami kila asubuhi, namkwepa Eucabeth, namkwepa mtu wa kwaya mwenye mandazi… Ombati atanuna, anune, wakitaka kuniita mbele ya baraza la kanisa nitakwenda, nitakaa, watanitoa kwenye uongozi wa akina mama, sawa, kuliko Susana anishike mkono tena anishukuru… "Mama Mogire, umelala?" Eucabeth tena, na Kultum bado ameinama, mkono mmoja chini ya meza, mwingine na kalamu, ananingoja… toa huo mkono huko chini, Kultum, andika Edinah, herufi kubwa, ukitundike pale mbele wanaponiona, na bati angalau halitafuniki.