Madhali Anaendesha Amour

Katika nyumba ya Bi Mwatima, kule Mirdif, Uarabuni, hakuna aliyeogopa barabara. Waliogopa kijicho, waliogopa maji ya baridi kwa mwenye mafua, waliogopa mtoto kulala na njaa. Barabara hawakuiogopa, kwa sababu walikuwa na Amour. Miaka kumi na sita alikuwa dereva wao. Alitoka Makunduchi na leseni yake na masharubu meusi. Masharubu yakaota mvi, leseni haikupata doa. Bi Mwatima alizoea kuwaambia wageni kwamba madhali anaendesha Amour, yeye hulala njia nzima na kuamshwa mlangoni. Amour alijifanya hasikii, naye alikuwa akisikia kila neno.

Sasa tuseme kweli, maana hapa hakuna wa kumstahi. Sifa ile ndiyo iliyowaponza. Ndani ya gari lile mkanda ulikuwa wa wanaokaa mbele, kwa ajili ya kamera, na wa nyuma ulifungwa na mwenye hofu zake. Mtoto kazi yake ilikuwa kupakatwa. Azzam, kitindamimba wa Bi Mwatima, alipakatwa mpaka miguu yake ikagusa chini. Sasa ilikuwa zamu ya Hala, mjukuu, miaka miwili na nusu, mtoto wa Mawadda, binti yake Bi Mwatima. Huyu alipakatwa na Agneta, dada wa kazi aliyetoka Kakamega, ambaye alimpenda mtoto yule hata akamfundisha kuomba ugali.

Kiti cha mtoto kilikuwepo, msije mkadhani hakikuwepo. Bassam, baba yake Hala, anafanya kazi Abu Dhabi na kurudi mwisho wa wiki, na alikinunua mtoto alipozaliwa. Siku ya kwanza Hala alilia ndani yake kutoka getini hadi Al Rigga, na Bi Mwatima naye akalia. Jioni ile kiti kikapelekwa stoo, kikakaa na masufuria ya futari. Mtoto si mbuzi hata afungwe kamba, alisema bibi, na Amour akacheka pamoja nao. Nasema alicheka, na mwenyewe hakukataa alipoulizwa baadaye.

Mwezi wa pili madereva wa majumbani waliitwa kwenye darasa la usalama barabarani, katika ukumbi mmoja Al Qusais. Amour alikwenda amenuna. Mtu wa miaka kumi na sita bila ya mkwaruzo anafundishwa nini, na nani? Picha zilipita, akasinzia. Kisha mwalimu, kijana mmoja aitwaye Shakir, akawatoa nje kwenye chombo chao: kiti cha gari kilichowekwa juu ya reli fupi yenye mteremko, mwisho wake kizuizi. Akaomba mtu mmoja mwenye nguvu. Wote wakamtazama Amour, na Amour, kwa ile sifa yake, akainuka.

Alifungwa mkanda. Akapewa mdoli mzito, uzito wa mtoto wa miaka miwili, akaambiwa amshike kama mwanawe. Amour akamkumbatia kwa mikono miwili, akakaza meno. Chombo kikateremka kwa kasi ya mtu anayekimbilia basi, kasi ya kuchekesha kabisa, kikagonga kizuizi. Amour alipofumbua macho mikono yake ilikuwa imekumbatia kifua chake mwenyewe. Mdoli alikuwa mbali, chini, kifudifudi.

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, aliomba kurudia. Mara ya pili alijua hasa lini kitagonga, akajiandaa, akaushika mkono wake mmoja kwa mwingine. Mdoli akaruka. Mara ya tatu akaruka tena.

"Mzee," Shakir akamwambia kwa upole, "hata ukirudia mpaka kesho. Hakuna binadamu anayeweza."

Amour alirudi Mirdif akiendesha kwa mwendo wa kusindikiza maiti. Aliwakumbuka watoto wote aliowabeba katika miaka ile, wamepakatwa nyuma yake, wanamchezea masikio, na akaona kwamba kumbe hakuwa dereva bora hata siku moja. Alikuwa na bahati tu. Siku ile ile akakitoa kiti stoo, akakiosha, akamwita Agneta amsomee maelezo ya Kiingereza, na wawili hao wakahangaika na zile bizimu na mikanda mpaka kikasimama imara.

Basi ikaanza vita. Hala alilia, tena kilio chake kilikuwa cha kuvunja vioo. Amour akamweleza Bi Mwatima habari ya mdoli kwa heshima zote, mwanzo hadi mwisho. Bibi alimsikiliza vizuri, akafikiri, kisha akamjibu kwamba yule mdoli hakuwa na mtu wa kumwonea uchungu. Agneta angemwonea mtoto uchungu, kwa hiyo angemshika. Utamjibu nini mtu wa namna hiyo, naye ni mama yako kwa umri na ndiye anayekulisha?

Ukweli uliposhindwa, Amour akatumia uongo. Alisema polisi wanasimamisha magari njia nzima ya Sharja kuwatazama watoto. Uongo ukafanya kazi. Wiki mbili Hala alipanda kitini, na siku za mwisho alikwishaacha kulia, anaimba peke yake na kula biskuti. Wiki mbili tu zile Amour aliendesha na roho yake imetulia. Kisha Bi Mwatima akamuuliza Azzam habari za msako wa polisi, na Azzam, anayezunguka mji mzima na marafiki zake, akasema hakuna msako wowote.

Hapo bibi aliumia. Hakukasirika, aliumia, na hilo ni baya zaidi. Miaka kumi na sita, na Amour anamdanganya kama mtoto mdogo? Alimpita uani siku tatu bila ya kumuuliza amekula nini.

Ijumaa iliyofuata walialikwa chakula cha mchana Sharja, kwa Bi Joha, mdogo wake Bi Mwatima. Mawadda alibaki nyumbani; mimba yake ya pili ilikuwa mwezi wa nane na miguu imemvimba. Amour alimfunga Hala kitini. Hala, aliyekwisha kuzoea, siku ile aliamka na mafua na usingizi wa mang'amung'amu, akalia. Bi Mwatima akageuka kutoka kiti cha mbele, akamwamuru Agneta amtoe, ampakate. Agneta akamtazama Amour.

Wawili hawa walikwishalizungumza jambo hilo jikoni. "Mzee," alimwambia wakati ule, "madam akisema nimpakate, nitampakata. Visa yangu iko mkononi mwake na wewe unajua." Amour hakumlaumu.

Kwa hiyo alizima gari. Akachomoa ufunguo, akashuka, akazunguka mpaka upande wa bibi, akainama dirishani.

"Bi Mwatima, mimi ni mtu wako," akasema. "Lakini mtoto akitoka kwenye kiti chake, na mimi natoka kwenye usukani."

"Amour. Leo unanigomea mimi?"

"Sikugomei wewe. Nimeshindwa kumshika mdoli, bibi. Mara tatu."

Majirani walikuwa wakitoka kwenda msikitini, wakapunguza mwendo ili wasikie. Bi Mwatima akajitanda buibui lake na machozi yakamlengalenga. Ndipo Azzam akatoka ndani, shati halijafungwa vifungo, akauliza kuna nini, akaambiwa. Akanyoosha mkono.

"Ami, khalas, basi yaishe. Nipe ufunguo."

Hapa Amour hupasimulia mpaka leo, na kila akipafikia husimama. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake. Aliwaza: bibi hapandi gari akiendesha Azzam, hata kwa dawa. Siku zote alisema kijana yule anaendesha kama anayefukuzwa na deni. Nikiutoa ufunguo, bibi atashuka garini, mtoto atashuka, safari itavunjika, na kesho tutazungumza kama watu. Hesabu ilikuwa nzuri. Alimpa ufunguo.

Bibi hakushuka. Fedheha ilimkalisha, angeshukaje, na majirani wote wanatazama kuwa dereva wake amemshinda? Azzam akakichomoa kiti, akakiweka getini ili kisiwabane, akawasha gari. Agneta alijifunga mkanda, akampakata Hala, akamkumbatia. Gari likaondoka, na Amour akabaki amesimama getini, kando ya kiti.

Azzam hakuwa akikimbia sana siku ile, tumpe haki yake. Alikuwa na mama yake mbele, alijizuia. Lakini alikuwa karibu mno na lori lililomtangulia, kama vijana wanavyopenda, na lori likashika breki ghafla kwa sababu ya mbao zilizoanguka njiani. Akaligonga kwa nyuma. Azzam alipasuka mdomo. Bi Mwatima aliumia mbavu mbili mahali mkanda ulipomshika. Agneta alivunjika mikono yote miwili, kwa jinsi alivyoikaza. Hala hakuwemo tena mikononi mwake. Alikuwa mbele, kwenye kioo, na alikwishafariki kabla ya watu kufungua milango.

Walimzika jioni ile ile. Nyumba ikajaa watu, na kila aliyeingia alisema ajali haina kinga. Msemo mzuri, hauna kazi yoyote duniani ila kuwatuliza wasiotaka kufikiri. Ajali haina kinga, walisema, kisha wakatoka nje na kuingia magarini mwao, kila mmoja amepakata mtoto wake.

Amour alikwenda kumwona Agneta hospitali. Alimkuta na plasta mikono yote, mpaka kwenye viwiko, hawezi hata kujifuta uso.

"Nilimshika, mzee," Agneta akasema. "Nilimshika kabisa."

"Najua, mwanangu."

Na kweli alijua. Katika nyumba nzima alikuwa peke yake anayejua. Bi Mwatima alikuwa akilia usiku na mchana kwamba yule msichana alimwachia mtoto. Amour akajaribu kuisimulia tena habari ya mdoli, mara hii mbele ya Bassam. Bassam akainuka katikati ya maneno, akaenda kusimama uani. Wiki mbili baadaye Agneta alipandishwa ndege, plasta zikiwa bado mikononi. Amour ndiye aliyempeleka uwanjani. Alimbebea begi mpaka pale wanapozuiwa wasiokuwa wasafiri, akamwombea Mungu, akarudi garini akalia mpaka askari wa maegesho akamgongea kioo.

Hakuna aliyemfukuza yeye. Afadhali wangemfukuza. Siku ya kuanua matanga Mawadda alimwita barazani. Alikuwa mzito, macho yamemkauka. Msichana huyu Amour alimpeleka skuli na kumrudisha miaka sita.

"Ami, nikuulize kitu, na usinifiche," akasema. "Ungekubali siku ile, ukaendesha wewe, mwanangu akipakatwa vile vile. Mngefika?"

Amour alitaka kumwambia kuwa swali si hilo. Alitaka kumwambia kwamba siku yoyote, barabara yoyote, hata kwake yeye, breki moja ingetosha. Yote hayo ni kweli. Lakini njia ile ya Sharja aliijua kwa miaka kumi na sita, na hakupata kulisogelea lori namna ile hata mara moja. Aliulizwa kweli na mtu aliyefiwa na mtoto.

"Tungefika," akasema.

Mawadda akatikisa kichwa polepole, akajikongoja, akaingia ndani. Tangu siku ile neno lile likaenea nyumba nzima, na Azzam ndiye aliyelishika kwa nguvu kuliko wote, maana lilimpunguzia mzigo: Hala hakuuawa na mapaja, aliuawa na ugomvi wa kiti. Bila ya kiti pasingekuwa na ugomvi, bila ya ugomvi angeendesha Amour. Kiti chenyewe kikatupwa. Hata kulitaja jina lake mbele ya Bi Mwatima kukawa ni kumtia nuksi. Na ukiwaambia kuwa askari aliyepima ajali alisema mtoto angekuwa kitini angetoka mzima, walikutazama kana kwamba unawatukania maiti wao.

Mubin alizaliwa mwezi uliofuata, mvulana, mzima wa afya. Arobaini ilipotimia ikawa lazima apelekwe kliniki kuchanjwa. Amour hakulala. Asubuhi alimwendea Bassam, akamwomba kwa jina la Mungu anunue kiti kingine, hata cha kuazima kipo kwa rafiki yake yeye Amour. Bassam alimjibu kwa sauti ya chini kwamba mama mkwe wake hatakubali, na kwamba nyumba hii haina nguvu ya ugomvi mwingine. Amour akasema basi yeye haendeshi. Bassam hakubisha. Aligeuka tu, akatazama barazani, alipokaa Azzam. Mdomo wake ulikwishapona, na ufunguo wa gari lake jipya ulikuwa unazungushwa kidoleni.

Amour akamtazama Azzam. Akatafuta njia ya tatu, na hakuiona. Akaenda akafungua mlango wa gari.

Bi Mwatima alitoka na mtoto amemfunika kanga nyeupe. Hakutaka yaya mpya amguse. Alikataa kukaa mbele. Akapanda nyuma, kwa shida, mkono mmoja ubavuni panapomuuma bado, akamlaza Mubin mapajani. Mawadda akakaa pembeni yake. Bibi akamkumbatia mtoto kwa mikono yake miwili, ile mikono myembamba yenye hina iliyofifia.

"Haya, twende, mwanangu," akasema. "Nimempakata mwenyewe. Mimi siachii."

Amour akawasha gari.