Ufa Ndani ya Kinanda

Matajiri wa Nyali waliohamia ng'ambo walimwachia Mweri kinanda chao cha mbao nyeusi, maana walijua anavyowafundisha watoto kuimba kanisani. Kilipofika nyumbani kwake Mjambere kilijaza nusu ya sebule, na bintiye Sarah akawa habanduki hapo.

Lakini joto la mchana likipanda, kinanda kilikuwa kikilia chenyewe. Tik. Kisha kimya. Jirani yao Mwanatatu alishauri kisomewe dua. Mweri akamwita Mzee Idarus wa Likoni, fundi wa vinanda.

Mzee alibandua ubao wa mbele, akamsogeza Sarah aone. "Ukibonyeza kibao hiki, nyundo hii yenye sufu huruka ikapiga uzi. Ukikiachilia, kijitambaa hiki hurudi kikaunyamazisha."

Sarah akabonyeza huku akicheka. Mzee akapitisha kidole kwenye fremu kubwa ya chuma iliyoshika nyuzi zote, akishuka nayo polepole. Kidole kikasimama. Akauondoa mkono wa mtoto juu ya vibao.

"Mama Sarah, mtoe mtoto humu."

"Kuna nini, mzee?"

"Fremu imepasuka. Nyuzi hizi zikivuta kwa pamoja, ni kama uzito wa malori, na kinachozizuia ni chuma hiki tu. Kikiachia, wallahi, hakuna wa kusimama mbele yake." Akajaribu kuzungusha pini moja ya kukazia uzi, lakini ufunguo wake ukateleza. "Kesho nitakuja na ufunguo unaozishika hizi pini. Lazima nyuzi zilegezwe kidogo kidogo, pande zote. Hadi hapo, asikiguse mtu."

Jioni Mweri alimsimulia mumewe, Gona, aliyekuwa akichomelea mageti na madirisha hapo Kisauni.

"Ufa wa chuma?" Gona akacheka. "Mke wangu, si ndiyo kazi yangu hiyo?"

"Mzee kasema kisiguswe."

"Mzee ni fundi wa nyimbo. Chuma niachie mimi."

Mweri alilala akidhani yameishia hapo. Asubuhi alikwenda kuteka maji. Aliporudi alikuta waya mnene wa umeme umepita mlangoni, na mashine ya kuchomelea inanguruma ndani. Gona alikuwa amepiga magoti mbele ya kinanda, kofia ya kioo cheusi usoni, cheche zikimrukia mikononi. Sarah alikuwa amechuchumaa nyuma yake, kaziba macho kwa vidole na kuchungulia katikati.

Hapo ndipo Mweri alipoisikia sauti ile. Tik. Tik. Tik-tik-tik, kama mvua inavyoanza juu ya mabati. Gona akakatiza moto, mashine ikiendelea kunguruma, akapandisha kofia na kuinama kutazama kazi yake.

Ndoo ikamtoka Mweri. Akamnyakua mtoto kwa mkono mmoja, akamvuta hadi nje, ndipo akapiga kelele: "Gona! Toka!"

Mshindo uliotoka ndani ulitikisa mabati ya nyumba. Nyuzi zililia zote kwa pamoja, sauti nzito ikaganda hewani, na chini yake Mweri akamsikia mumewe akilia kama mtoto.

Majirani walimbeba Gona hadi hospitali, shuka limeloa damu usoni. Mzee Idarus alipofika alikuta fremu imekatika vipande viwili na nyuzi za upande mmoja bado zimekaza. Aliwaondoa watu wote, akaingia peke yake. Mweri na Sarah walisimama kwa Mwanatatu wakisikiliza uzi mmoja baada ya mwingine ukiguna na kulegea. Kila mzee aliposita, Mwanatatu aliacha kuvuta uradi kwa tasbihi yake.

Jicho la kushoto la Gona halikuokolewa. Siku aliyoweza kuketi kitandani alimshika Mweri mkono.

"Uliniita?"

"Nilikuita."

"Sikukusikia. Ile mashine, unajua inavyonguruma."

Mweri aliitikia kwa kichwa. Mashine ilikuwa ikinguruma, ni kweli. Hakumwambia kwamba alimwita akiwa tayari yuko nje, mtoto mkononi. Akamnywesha uji, kijiko kwa kijiko, akiwa ameketi upande wa jicho lisiloona.