Kitambaa cha Mkono wa Kulia

Kanisani kwao Kilungu, ibada haikuisha kwa baraka za mchungaji. Iliisha nje, kwenye mstari: kila anayetoka anawasalimu kwa mkono wote waliotangulia, kisha anajipanga mwishoni, mpaka kila mtu awe ameshika mkono wa kila mtu. Hakuna kuchagua. Na Muthoki hakutaka kuushika mkono wa Bilha.

Bilha alikuwa mke wa Thuo, mtu wa Murang'a aliyehamia pale na lori lake. Mutunga, mwana wa pekee wa Muthoki, alikuwa utingo wa lori hilo siku lilipobingirika likamuua. Thuo alitoka na mguu mbovu. Watu walisema ni breki. Muthoki alisema ni Thuo, na mkewe naye akatiwa kapu moja na mumewe.

Basi mwaka wa themanini na tano, Muthoki huyu huyu, kiongozi wa maombi ya akina mama, akafanya jambo la kitoto. Alijifunga kitambaa mkono wa kulia, akasema panga limemkata. Mchungaji alihubiri mpende jirani yako, naye akaitikia amina kuwashinda wote. Kisha mstarini akawa anainamisha kichwa tu. Bilha alinyoosha mkono hata hivyo, akakigusa kitambaa kwa ncha za vidole.

"Pole sana, Mama Mutunga."

Uongo ulimnogea, akaendelea nao wiki ya pili, na ya tatu. Lakini mwenye mkono mbovu halimi, na mbaazi zake zilikuwa zinamezwa na magugu. Asubuhi moja akakuta tuta la juu limepaliliwa. Kesho yake, la pili. Akajua ni wenzake wa maombi, akawaombea baraka.

Jumanne akasikia ukelele shambani. Alimkuta Bilha amekaa chini, jembe kando yake, na nyoka aina ya kifutu amepondwa kichwa. Mguu ulikuwa umeanza kuvimba.

"Nilitaka nimalize hii ya chini," Bilha alisema. "Nilionea mkono yako huruma. Usikasirike, mama."

Muthoki alikivua kitambaa, akaufunga ule mguu, akakaza fundo kwa mikono yote miwili. Ndipo Bilha akauona mkono, mzima. Muthoki alitamani ardhi immeze.

"Imepona!" Bilha akasema. "Hata alama hakuna. Bwana asifiwe." Akaushika, hakuuachia.

Muthoki alifungua kinywa aseme ukweli, akashindwa, akalia tu. Wanaume walimbeba Bilha kwa kitanda kuteremka mlima. Alikata roho kabla ya kufika barabarani.

Baada ya mazishi, watu walipanga mstari kama kawaida. Thuo alikuja akichechemea, akisalimu mmoja mmoja, mpaka akamfikia Muthoki.

"Baba Waithaka," Muthoki alisema, "mkono haikuwa na kitu. Nilidanganya nisimsalimu Mama Waithaka."

Thuo aliutazama mkono ulionyooshwa mbele yake. Akautia wake mfukoni, akapita kwa mtu aliyefuata.

Iliuma, na Muthoki alijua sasa alikuwa akimnyima Bilha nini kila Jumapili. Aliuacha mkono wake pale pale, mtupu, mpaka mstari ukaisha. Jumapili iliyofuata, Thuo alipomfikia, Muthoki aliunyoosha tena.