Mboni ya Kulia ya Mlinzi wa Mlango

Kwa miaka arobaini na mitatu nimekata na kuunga negativu za watu, yaani filamu asilia zinazotoka kwenye kamera, na kwa arobaini na miwili ya kwanza sikuharibu hata moja. Wenzangu wa mtaa wetu wa Wanhua wamehamia kwenye kompyuta au wamekufa. Mimi nilibaki na meza yangu ya taa, glavu nyeupe za pamba, na gundi niliyojifunza kuichanganya mwenyewe kutoka vitabu vya kemia vya shule ya jioni.

Chan Pei-jung alikuja mwezi wa sita, mvua za plamu, zile za mwanzo wa kiangazi, zikinyesha. Filamu zake hazionyeshwi sinema. Huangazwa ukutani kwenye majumba ya sanaa. Aliweka kopo la filamu mezani kwa mikono miwili.

"Fundi Hsueh, ndiyo hii."

Nilijua. Baba yake alikuwa mchoraji wa milango ya mahekalu, naye Pei-jung alimrekodi akichora mlango wake wa mwisho. Wachoraji hao humwachia mungu mlinzi anayechorwa mlangoni macho meupe mpaka kila kitu kikamilike. Ndipo mboni zinatiwa, na mlango unaamka. Mzee Chan alitia ya kushoto, akatia ya kulia, na wiki tatu baadaye akafa. Binti yake alibaki na kopo hilo moja, pamoja na nakala hafifu ya video aliyoitumia kupanga filamu, isiyofaa kuonyeshwa popote. Karatasini aliniandikia namba za kukatia, zilezile zilizo ukingoni mwa filamu, ndogo kama mayai ya chawa.

"Macho bado yanafanya kazi, Fundi?"

"Yangu? Wewe ukiwa unanyonya, mimi nilikuwa nasoma namba hizi kwa tochi."

"Haya, usinipige!" Akacheka. "Nimekuletea maandazi ya nyama. Uyale yakiwa ya moto, usiyafanye pambo la dirisha kama ya juzi."

Jicho langu la kulia lilikuwa na ukungu kwa mwaka wa pili. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, unapasuliwa asubuhi na mchana uko nyumbani. Sikurudi kwake. Fundi akishaonekana na bandeji jichoni, nani atamletea tena negativu?

Nilikata kesho yake. Ili gundi ishike, ni lazima ukwangue picha moja mpaka ibaki plastiki tupu; kwa hiyo unakwangua ile isiyohitajika. Karatasi ilisema nane. Ukingoni niliona nane, nikakata, nikakwangua. Nilipoinama na kioo cha kukuzia, ilikuwa tatu. Kwenye picha iliyotangulia, brashi ilikuwa haijafika. Kwenye iliyofuata, mboni ilikuwa imeshatiwa. Ule mguso wenyewe ulikuwa vumbi jeusi kwenye glavu yangu.

Simu ilikuwa mezani. Sikuigusa. Niliunga vipande upya, pengo nikalijaza kwa picha isiyo na kitu, itakayoonekana nyeusi ukutani, ili sauti isitangulie, nikafunga kopo. Alipokuja kulichukua nikamwambia, "Safi kabisa."

Maonyesho yalifunguliwa Jumamosi mchana. Mkono wa Mzee Chan ulijaza ukuta mzima, ukatia mboni ya kushoto, ukaenda kulia, ukakaribia. Ukuta ukazima, muda wa kupepesa jicho. Kisha mboni zote mbili zikawa zinatutazama.

"Umeona alivyouficha mguso?" bwana mmoja mwenye miwani nyekundu alimwambia mwenzake. "Huo ndio ujasiri!"

Pei-jung alikuja akasimama ubavuni mwangu.

"Picha ile ipo, Fundi?"

"Haipo. Niliikwangua."

"Macho yalianza lini?"

"Mwaka wa pili huu."

"Daktari anajua?"

"Anajua."

Aliugeukia ukuta. "Baba naye aliniambia ni kikohozi tu."

Heri angenitukana. Wakamwita mbele, wakampa kipaza sauti, na yule bwana wa miwani akamwuliza weusi ule aliupataje.

"Si wangu," alisema. "Ni mkono wa fundi wangu."

Watu wakacheka, wakampigia makofi kwa unyenyekevu wake. Wengine waligeuka kunitafuta.

Filamu ile hujirudia bila kukoma. Kila baada ya dakika kumi na moja ukuta unazima. Nilisimama mpaka ukazima mara nne, nikaziacha glavu zangu juu ya kiti, nikatoka mvuani.